Flaiwili Nyepesi na Viti Mia Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo naanza shajara. Mtu anayekaribia ushindi mkubwa lazima aandike, la sivyo watu watakuja kusema alibahatisha.

Mambo yalivyo. Mdogo wake mke wangu anaolewa tarehe 22. Jana tulikuwa na kikao cha familia, sebuleni kwa mama mkwe. Swali moja tu lilibaki: nani atamwendesha bi harusi? Nikakohoa kwa heshima, nikasema niko tayari. Mimi ni mwalimu wa udereva. Miaka kumi na moja kazini, sijawahi kugonga hata ndoo. Shemeji, kaka yake mke wangu, akacheka mpaka chai ikamtokea puani. Akasema mimi ni mtu wa viti.

Mtu wa viti! Haya, ni kweli. Tangu nioe, kila shughuli ya ukoo huu mimi napewa lori la viti. Viti mia mbili vya plastiki. Kupakia, kushusha, kupanga, kurudisha. Sherehe naiangalia kutoka nyuma ya lori, nimekalia tairi la akiba, sahani mapajani. Hakuna aliyewahi kuniambia nije nikae. Inaniuma. Sijawahi kumwambia mtu, lakini shajara si mtu.

Tukabishana. Shemeji akasifia gari lake la rangi ya fedha, lililoshushwa mpaka linakwaruza matuta. Kisha akatoa wazo. Jumamosi ya tarehe 15 chama cha wapenda magari kinafungulia umma uwanja wa ndege wa zamani. Mbio za mita mia nne, magari mawili mawili, kutoka kusimama. Atakayetangulia, ndiye atakayemwendesha bi harusi. Atakayebaki nyuma, lori la viti. Tukamgeukia mama mkwe atoe uamuzi. Alikuwa anashona gauni la harusi, pini sita mdomoni. Akasema, "Mm." Sote wawili tukaliandika kuwa ndiyo.

Tatizo dogo: sina gari. La chuo lina pedali pande zote mbili na ubao wa MWANAFUNZI juu ya paa. Nitatumia Kibiriti, kigari chekundu cha mke wangu anachosambazia keki zake. Sioni haraka ya kumwambia.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimegundua siri! Nimeipata kwenye kompyuta ya ofisini, nikaichapisha yote, kurasa nne.

Siri yenyewe ni flaiwili. Hilo ni duara zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini, ndipo klachi inapobana. Ukurasa wa kwanza unasema flaiwili nzito huichelewesha injini kupanda. Ukurasa wa pili unasema ukiipunguza uzito, injini inapanda kufumba na kufumbua. Nikaruka kwenye kiti. Kumbe miaka yote Kibiriti kimebeba mzigo tumboni! Ukurasa wa tatu ulianza na neno TAHADHARI, kwa herufi kubwa. Hapo hapo mwanafunzi wangu wa saa tatu akabisha hodi. Nitaumalizia baadaye.

Mwanafunzi mwenyewe ni mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya mji huu, na anadai kanipokea hata mimi, miguu ikiwa mbele. Haogopi chochote duniani isipokuwa klachi. Leo kazima gari mara tisa. Nikamwambia kwa upole: mama, klachi haiachiwi kwa ghafla. Ongeza mafuta kwanza. Inua mguu kidogo kidogo. Sikilizia inapoanza kushika, hapo ingojee, usiikimbize. Akashangaa, akasema kumbe ni kama kumpokea mtoto. Nikasema ndiyo hivyo hivyo.

Maneno mazuri sana. Nayasema mara arobaini kwa siku.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mambo yananyooka yenyewe! Mke wangu yuko kwa mama yake siku mbili, anasaidia gauni. Kibiriti kimebaki na mimi. Nimekipeleka kwa Fundi Chuma, mkereza vyuma, mzee anayesikiliza kwa macho yaliyofumbwa mpaka huwezi kujua kama anafikiri au kalala.

Akalifumua gari, akaitoa flaiwili, akaiweka kwenye mizani. Kilo nane. Akauliza abakize ngapi. Nikasema nne. Akafumbua jicho moja. Akauliza kama najua kuondoka na gari lenye flaiwili nyepesi, maana si kama kuondoka na hili nililolizoea. Nikacheka sana. Nikamwambia anaongea na mtu ambaye kuondoka ndiyo kazi yake. Akafumba jicho, akawasha mashine ya kukereza.

Ee bwana, chuma kikaanza kuchuruzika kama maganda ya viazi! Kila utepe ulioanguka chini nikauona kama kiti kimoja cha plastiki kinanitoka mgongoni. Nimechukua utepe mmoja wa kumbukumbu. Umenikata kidole.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kibiriti kimerudi! Nimekaa nacho uani, nikagusa mafuta. Vuuum! Mshale ukapanda hadi juu. Nikaachia. Ukaanguka chini papo hapo. Nikagusa tena. Vuuum! Nimecheza hivyo robo saa nzima. Jirani kaja kuanua nguo zake zote, hata zilizokuwa mbichi.

Kisha nikajaribu kuondoka. Nikapandisha mizunguko ya injini hadi elfu tatu, nikaachia klachi yote mara moja, pap, kama wanavyofanya wanaume kwenye mbio. Kikaruka. Kikazima. Nikarudia. Kikaruka. Kikazima. Mara kumi na nne. Nadhani mafuta yameingia maji.

Mke wangu karudi jioni. Alikuwa anatafuta karatasi safi za kutandika chini ya kibao cha keki ili isiteleze ndani ya boksi. Nikakumbuka zile kurasa mbili za mwisho kwenye mkoba wangu. Nikampa. Akanitazama kwa mapenzi. Akazitazama karatasi. Akaendelea kuzitazama. Mume mwema huonekana kwenye mambo madogo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Siku ngumu. Mke wangu kaenda kupeleka keki ya watu wa benki. Kibiriti kimemzimikia kwenye njia panda mara nne. Maua matatu ya sukari yameanguka, moja akalikalia mteja.

Karudi kanuna. Akauliza nimelifanya nini gari lake. Nikasema nimelifanyia sevisi. Akauliza ni sevisi gani inayolifanya gari litetemeke kama lina homa. Nikasema ni hali ya hewa. Akachungulia dirishani, kweupe, hata wingu la kusingizia hakuna. Nikajitolea kuosha trei zote, na nikaziosha huku napiga mluzi, maana mtu mwenye siri lazima aonekane wa kawaida. Mluzi ukanitoka vibaya.

Akaenda chumbani na zile karatasi mbili. Nadhani anazipima ukubwa.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Leo nilikuwa jasusi.

Nilisikia Shemeji anafanya mazoezi kwenye barabara ya nyuma ya ghala la magodoro. Nilikuwa na somo la Mkunga saa nane. Nikaona nile huku na huku: yeye aendeshe, mimi nipeleleze. Nikavaa kofia, nikainama chini ya dashibodi. Mpango ulikuwa safi. Nilichosahau ni ule ubao juu ya paa, wenye herufi nyekundu zinazosomeka kutoka mwezini.

Shemeji alikuwa anapandisha injini mpaka inalia, anaachia klachi, matairi yanazunguka palepale, moshi tele, gari linacheza dansi. Mkunga akauliza huyo kijana anachoma nini. Nikamwambia aendelee taratibu kana kwamba hatujaona kitu. Akababaika. Tukazima mbele yake kabisa, pua kwa pua.

Shemeji akashuka. Akaja dirishani, akainama, akaniona sakafuni. Akaniamkia kwa adabu zote, akauliza kama nimeangusha kitu. Nikasema kifungo. Akatusukuma mpaka gari likawaka, meno yote nje. Nimedhalilika. Mkunga amesema ni kijana mwenye malezi mazuri.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Jambo la ajabu! Leo asubuhi mke wangu katoka na keki ya ghorofa mbili. Nikasimama getini kusikiliza kikizima, ili nimpe pole. Hakikuzima! Injini ilipanda juu, ikalia kidogo, na Kibiriti kikateleza kutoka getini laini kabisa. Karudi saa sita, kapeleka keki tano, hakuna ua hata moja lililoanguka. Nikamuuliza ameona mabadiliko gani. Akasema hakuna, ni hali ya hewa.

Jibu liko wazi. Flaiwili imezoea. Chuma kipya kinahitaji siku tano za kutulia.

Jioni nikachukua funguo kwa shangwe. Nikaachia klachi, pap. Kikazima. Pap. Kikazima. Nimechunguza kisayansi na kugundua kosa: soli za viatu vyangu ni nene, mguu hausikii klachi. Nikajaribu na soksi. Soksi ikateleza kwenye pedali, nikajigonga goti kwenye usukani, honi ikalia, jirani akaanua nguo.

Siku tatu zimebaki. Nikifumba macho naona viti. Vimepangwa kumi kumi.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mkunga kafaulu mtihani! Mara ya kwanza! Alipoambiwa aondoke mlimani, akainua mguu kidogo kidogo huku ananong'ona, "Njoo, njoo, usiogope." Gari likaondoka bila kutikisika. Mtahini kaniambia mbele ya watu wote kwamba hajawahi kuona mwanafunzi aliyefundishwa klachi vizuri hivyo. Nimevimba kichwa mpaka kofia imekataa kuingia.

Nimemwambia mke wangu kwamba kesho nitahitaji Kibiriti kwa ajili ya maonyesho ya usalama barabarani. Nilitegemea maswali. Akasema sawa, bila kuinua kichwa. Alikuwa anapamba keki ya ghorofa tatu, pembeni imezungushwa miraba myeusi na myeupe kama bendera ya kumalizia mbio. Keki nzuri. Sikuuliza ni ya nani. Mtu asijichanganye kichwa siku moja kabla ya ushindi.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Naandika kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi. Uwanja umejaa. Njia mbili za lami, taa juu ya nguzo, na mwishoni kabisa hema la viongozi wa chama. Shemeji kaja na miwani ya jua na marafiki wa kumpigia makofi. Mimi nimekuja na Mkunga. Leseni yake ina umri wa siku moja, na kaivaa shingoni kwa kamba. Anasema amekuja kuona mwalimu wake anavyofanya kwa vitendo.

Saa nne. Tukaitwa mstarini. Kibiriti kinatetemeka, mimi natetemeka, tunaelewana. Mizunguko elfu tatu. Taa nyekundu. Njano. Kijani!

Hapa sina budi kuwa mkweli. Miaka kumi na moja ya ualimu ilinishika shingo. Nikaangalia kioo cha ndani. Nikaangalia kioo cha pembeni. Nikawasha indiketa. Nikageuza kichwa kukagua nyuma ya bega. Ndipo nikaachia klachi, yote, pap! Kibiriti kikaruka kama chura. Kikazima, indiketa ikiendelea kuwaka.

Lakini Shemeji naye bado alikuwepo! Matairi yake yalikuwa yanazunguka palepale. Moshi ukawafunika waamuzi. Ulipopungua kidogo tukamwona kalala kimshazari kwenye njia yangu. Wakafuta mbio, wakaturudisha mstarini.

Mara ya pili. Nikazima. Nikawasha, nikazima. Shemeji akavunja taa nyekundu, wakamrudisha. Watu wakaanza kucheka, na si kicheko cha kawaida, ni kile cha kushikana mabega. Mwamuzi akaja dirishani. Akasema anatupa nafasi ya mwisho, tukishindwa twende tukapishe wenzetu. Nikaviona viti vyote mia mbili.

Ndipo kutoka kwenye moshi wakatokea watu wawili. Wa kwanza mama mkwe, utepe wa kupimia nguo shingoni. Wa pili mke wangu, kabeba ile keki ya ghorofa tatu.

Keki ilikuwa ya chama! Wanatimiza miaka ishirini. Alitakiwa kuifikisha kwenye hema la viongozi, ng'ambo ya mstari wa kumalizia, na teksi waliyokuja nayo imekatazwa kuingia uwanjani. Akamtazama kaka yake. Akakitazama Kibiriti. Akanitazama mimi na helmeti yangu. Nikafungua mdomo niseme usalama barabarani. Akasema neno moja tu: "Shuka."

Nikashuka.

Mwamuzi akataka kukataa. Mke wangu akamwonyesha kadi ya gari yenye jina lake. Kisha akamwonyesha keki. Mwamuzi akaiangalia muda mrefu kidogo, akaamuru ifungwe mkanda kwenye kiti cha abiria. Mimi ndiye niliyeifunga. Nikamvalisha mke wangu helmeti. Nikaanza kumpa maelekezo. Akapandisha kioo.

Taa nyekundu. Akapandisha mizunguko. Elfu tatu. Nne. Tano! Nikaziba masikio, maana injini ile ni ya kwetu. Njano. Kijani! Hakuachia pap. Aliachia kidogo kidogo, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia, klachi ikateleza, ikateleza, injini ikilia juu bila kushuka. Pembeni yangu Mkunga ananing'ang'ania mkono, ananong'ona kwa nguvu, "Inashika... inashika... mpokee!"

Kibiriti kikaenda! Hakikuruka, hakikutoa moshi, kilienda tu! Gia ya pili. Gia ya tatu. Kwenye njia ya pili Shemeji akakanyaga kila alichokuwa nacho, ikasikika kong! na shafti ya tairi ikakatika. Gari la rangi ya fedha likakaa chini. Kibiriti kikazidi kuwa kidogo, kikavuka mstari, kikawasha indiketa ya kushoto, kikaegesha mbele ya hema sambamba kabisa na kamba zake. Keki haikuwa na ufa hata wa unywele.

Mtangazaji akatangaza: sekunde ishirini na moja. Akaongeza kwamba huyo ndiye mshindi wa polepole kuliko wote katika historia ya chama. Nikarukaruka, nikapiga kelele, nikamkumbatia mtu aliyekuwa karibu. Alikuwa Shemeji. Alikuwa analia kidogo.

Tukamfuata mama mkwe kwa miguu mita zote mia nne hadi hemani, tukamsikilize. Safari hii hakuwa na pini mdomoni. Akasema wazi kwamba bi harusi ataendeshwa na binti yake. Sisi wawili, lori.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mke wangu kaweka mezani karatasi mbili zenye alama ya mviringo ya siagi. Ukurasa wa tatu na wa nne. Kasema alizisoma siku ile ile niliyompa. Tahadhari yenyewe ni hii: flaiwili nyepesi haina akiba ya nguvu, ukiiachia klachi kwa ghafla injini inakufa. Upandishe mizunguko zaidi, na klachi uiachie taratibu. Kasema kwa mtu aliyebeba keki haikuwa ngumu kuelewa. Kasema pia alijua habari ya mbio tangu mwanzo, mama yake ana simu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alikuwa anasubiri mimi nimwambie kwanza. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ya masikio kuwaka moto. Nikaomba radhi. Kanisamehe kwa adhabu ya trei za mwezi mzima, halafu akacheka mpaka akakaa sakafuni, na mimi nikakaa naye, tukacheka wote.

Lakini tuhesabu vizuri. Nani alikereza flaiwili? Mimi. Nani alimfundisha Mkunga kunong'ona? Mimi. Nani alifunga keki mkanda? Kwa hiyo kwa kweli nimeshinda.

Zile karatasi sijazisoma. Najua zimeandikwa nini, ameshaniambia.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Harusi ilikuwa jana. Naandika leo kwa sababu jana nilikuwa na furaha na mgongo unauma.

Nilikuwa kwenye lori na Shemeji, tukifuata msafara. Mbele kabisa Kibiriti, kimeoshwa, kimefungwa riboni nyeupe. Kwenye kila njia panda kilisimama na kuondoka laini, bi harusi hata shela haikucheza. Kwenye kona moja mke wangu alitoa mkono dirishani akatupungia. Nikajisikia fahari ya ajabu, nikasahau kupiga honi. Shemeji akanipigia.

Tukashusha viti. Tukavipanga kumi kumi. Shemeji alichoka kwenye kiti cha thelathini, akaniuliza miaka yote hii nimekuwa nikifanya hivi peke yangu? Nikasema ndiyo. Baadaye akaja na maji, akaninawisha mwenyewe.

Chakula kilipoanza nikachukua sahani yangu nikaenda kwenye tairi langu la akiba, kama kawaida. Nikasikia naitwa. Mama mkwe! Alikuwa meza ya mbele, kaegemeza mkoba wake kwenye kiti kitupu kando yake. Akauondoa. Akasema, "Kaa hapa, mwanangu." Nikasema kwamba pengine kuna mgeni wa heshima anayekuja. Akasema kwa miaka kumi na moja amekuwa akiniwekea kiti pembeni yake, na kwa miaka kumi na moja mimi nakimbilia nyuma ya lori, akadhani sipendi kukaa na wazee. Akasema viti ananipa mimi kwa sababu akinipa mimi analala usingizi. Mia mbili vinatoka, mia mbili vinarudi. Huyo mwingine, akamwonyesha Shemeji kwa kidevu, aliwahi kupewa meza nne akarudisha tatu.

Nikakaa. Kilikuwa kiti cha plastiki, mguu mmoja mfupi. Sijawahi kukalia kiti kizuri kama kile. Macho yakanilowa, nikasingizia pilipili, na mezani hapakuwa na pilipili.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Sijalala vizuri kwa kufikiria namna ya kumshukuru mama mkwe. Mkono mtupu haufai. Mama yule ameshona gauni zima kwa cherehani cha miguu, na jana asubuhi nilimsikia akisema cherehani kile kizito, magoti yanamuuma.

Leo nikapita kwake kurudisha mkoba aliousahau. Nikainama kukitazama. Pale chini, kando ya pedali, kuna gurudumu kubwa la chuma, zito kabisa. Na juu kando ya sindano kuna jingine! Flaiwili mbili! Mama wa watu kabeba flaiwili mbili miaka yote na hakuna aliyemwonea huruma!

Nikampigia Shemeji. Akafika kabla sijakata simu. Gari lake bado liko juu ya mawe, ana nafasi. Tumekubaliana hatutaki kumsumbua mama kwa maneno, tutamwambia ikishakuwa tayari. Yeye kamshawishi mama waende kumtembelea bi harusi. Mimi nimefungua magurudumu yote mawili na kuyapeleka kwa Fundi Chuma. Kafumbua macho yote mawili. Kaniuliza jambo fulani kuhusu mshono kurukaruka. Nikacheka sana. Nikamwambia anaongea na bingwa.

Safari hii sikukurupuka. Nimechapisha maelezo kamili ya magurudumu ya cherehani, kurasa tatu. Nimesoma wa kwanza wote na nusu ya wa pili, mpaka pale palipoandikwa MUHIMU. Hizo zilizobaki mke wangu kaniomba, anatandikia keki.

Tumebakiza kilo moja kwa kila gurudumu, na nimeshayarudisha mahali pake. Mama mkwe anarudi saa kumi, na kuna gauni la mteja mezani, hariri nyeupe, linamsubiri. Natamani kuuona uso wake!